Tarehe 7 Aprili ina nini jamani? Vasco da Gama, Karume, Rwanda, Jackie Chan... na mamangu

#1 MtotoWaKuze
Salaam wakuu. Jana tumemkatia mamangu keki, kitambulisho chake kimeandikwa 7 Aprili 1962. Mamangu si mtu wa besdei, keki aliitazama kama mtu aliyeletewa bili ya maji, akasema "tarehe hii mimi siipendi, ni tarehe ya watu kufa". Kumuuliza mbona, akanambia siku aliyotimiza miaka 10 ndiyo siku Karume, rais wa Zanzibar, alipigwa risasi Unguja, na sisi tuna jamaa kule, basi habari zilipofika nyumba ikajaa watu, redio katikati, wanawake wanalia, yeye amekaa pembeni na gauni jipya hakuna hata aliyemuona.

Nlipolala nikaingia kwenye simu kutafuta, usingizi ukaruka. Vasco da Gama alitia nanga hapa hapa Mombasa 7 Aprili 1498. Karume 7 Aprili 1972. Rwanda kila mwaka wanaanza maombolezo 7 Aprili. Halafu siku hiyo hiyo amezaliwa Jackie Chan (1954), Ravi Shankar yule wa sitar (1920), na Jeetendra wa sinema za Kihindi (1942) aliyekuwa akiruka ruka na viatu vyeupe. Sasa nauliza, ni bahati tu au tarehe hii ina mambo yake?

#2 DerevaTukTuk
Vasco da Gama na Jackie Chan kwenye keki moja 😂😂 Mama mpe salamu. Keki ilibaki?

#3 FundiFalaki
Mtoto wa Kuze hujakosea kuuliza. 7 Aprili iko ndani ya Hamali, yaani nyota ya Kondoo, buruji ya moto, na sayari yake ni Mirihi ambayo ni ya chuma na damu. Ndiyo unaona vita, risasi, manowari, na hata huyo Jackie Chan chakula chake ni kupigana. Watu wa zamani walikuwa hawaanzi safari wala hawaposi bila kutazama haya, siku hizi mwayaita ushirikina halafu mwashangaa.

#4 MwalimuHesabu
@FundiFalaki na Ravi Shankar naye alipigana na nani, na sitar?

Wakuu hii ni hesabu ndogo tu. Mwaka una siku 365 na dunia ina historia ya maelfu ya miaka, kila tarehe lazima ijazwe na vifo, vita na mastaa. Chukua watu 23 tu ovyo ovyo, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja umepita nusu, ni kama asilimia 50.7. Watu 57 unafika 99. Watu hawaamini kwa sababu kila mtu anajiwazia yeye, "nani amezaliwa na mimi?", kumbe hesabu ni ya jozi zote, na watu 23 wanatoa jozi 253. Mimi nafundisha darasa la watoto 41, nliwauliza mmoja mmoja nikiandika ubaoni, nikapata jozi mbili, na wale waliolingana walikuwa wamekaa miaka mitatu darasa moja hawajui. Mmoja akalia ati mwenzake amemuibia besdei.

#5 BintiLikoni
Mimi naongeza, hata Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulikuwa 7 Aprili, na kule bara Tanzania wanaiita Saba Saba, so hiyo siku ni nzito kweli.

#6 MzeeWaBarua
Binti yangu, hapo umechanganya mchele na kunde. Muungano ni 26 Aprili 1964. Saba Saba ni mwezi wa saba, 7 Julai, siku TANU ilipoundwa mwaka 1954, na hapa kwetu tuna Saba Saba yetu ya 1990 ya kudai vyama vingi. Hiyo ya 7 Aprili kule wanaiita Siku ya Karume na ni sikukuu ya taifa. Mwaka 1972 ilikuwa Ijumaa, mzee amekaa Kisiwandui jioni anacheza bao, wakaja wakampiga risasi. Aliyemrithi ni Aboud Jumbe.

Ila kwa kuwa umetaja 1954, Jackie Chan ameizidi TANU miezi mitatu kamili.

#7 BintiLikoni
Shikamoo mzee, nimesahihishwa. Ila hiyo ya miezi mitatu nayo si unaona 👀

#8 MwalimuHesabu
Nimekufa. Ndiyo hivyo hivyo hizi imani huzaliwa, ukikosa tarehe moja unashika miezi mitatu.

#9 KibokoniBoy
Ngojeni niwaharibie uzi. Vasco hakufika 7 Aprili.

Yaani alifika, lakini 7 Aprili ya kalenda ya kale, ile ya Julius Caesar. Hii tunayotumia sasa ilianza 1582, Papa Gregory aliwatoa siku kumi, watu wakalala 4 Oktoba wakaamka 15 Oktoba. Waingereza walikataa mpaka 1752, na wao wakalala 2 Septemba wakaamka 14. Sasa mwaka 1498 tofauti ilikuwa siku 9, kwa hiyo kwa kalenda ya ukutani kwako Vasco aliingia 16 Aprili. Mtoe kwenye orodha yako. Ukimtoa yeye, kilichobaki cha kwetu ni Karume peke yake, uzi umefungwa.

#10 DerevaTukTuk
Watu walilala wakaamka siku 12 mbele na kodi ya nyumba je, walilipa mwezi mzima??

#11 BahariaMstaafu
Kibokoni usifunge uzi mapema. Tarehe iache, tazama upepo. Mwezi wa nne ni tanga mbili, kaskazi inakufa na kusi haijasimama. Mtu anayetoka Msumbiji anapandisha pwani kwenda kutafuta njia ya Hindi, hana budi kuwa huku wakati huo akingoja kusi imsukume. Vasco aliondoka Malindi 24 Aprili na alifika Calicut 20 Mei, chini ya mwezi. Angekuja mwezi wa kumi na moja angekaa kula mihogo mpaka achoke. Hiyo siyo nyota wala bahati, ni msimu. Majahazi yote ya zamani yana "besdei" zake za kufika na kuondoka.

#12 MamaMahamri
Haya Karume naye alisukumwa na kusi? 😏

#13 BahariaMstaafu
Mama wewe...

#14 TausiWaTudor
Samahani kidogo. Rwanda naomba tusiichanganye na mzaha. Nimekaa nyumba moja na mama wa Kinyarwanda hapa Tudor miaka minne, kila tarehe hiyo ikifika haondoki chumbani, anawasha mshumaa mmoja na simu anazima. Na nlivyoelewa kwake tarehe yenyewe si rahisi kama orodha ya Mtoto wa Kuze. Ndege ya rais wao Habyarimana ilidunguliwa usiku wa tarehe 6, yuwarudi kutoka mkutano Dar es Salaam, na rais wa Burundi Ntaryamira yumo ndani. Mauaji yakaanza usiku ule ule, asubuhi ya tarehe 7 waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana akauawa. Kwa hiyo watu walikaa wakachagua, siku ya kumbukumbu iwe 7. Nachotaka kusema ni kwamba tarehe nyingine hazigongani zenyewe, kuna mtu alichagua.

#15 MtotoWaKuze
Tausi umesema kweli, samahani kama nimekosea adabu. Asante.

#16 MzeeWaBarua
Tausi kagusa penyewe. Lakini sikizeni na hili, sisi Waswahili siku yetu inaanza magharibi. Jua likizama siku imekwisha, usiku unaokuja ni wa siku ya kesho, ndiyo maana twasema usiku wa kuamkia. Ile ndege ilidunguliwa kiasi cha saa mbili na nusu usiku. Kwa hesabu ya mzungu ni tarehe 6, kwa hesabu ya nyumbani kwangu ni tarehe 7 tayari, Isha imeshaadhiniwa.

#17 KibokoniBoy
Mzee hapo umenitoa jasho. Lakini ukianza hivyo basi na Vasco utamgawa. Kuna daftari la safari liliandikwa na mmoja wa watu wake, lasema walitia nanga nje ya bandari Jumamosi, hawakuingia, na usiku wa manane ikaja mashua na watu kama mia wana panga na ngao, wanataka kupanda melini, wakakubaliwa wanne watano tu. Hao mia kwa hesabu yako wamekuja Jumapili.

#18 MzeeWaBarua
Jumapili ndiyo. Na Jumapili hiyo ilikuwa ya Matawi kwa Wakristo, wao walidhani watashuka kusali na Wakristo wa Mombasa, walikuwa wameambiwa mji una Wakristo tele. Mfalme akawapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, na pete kama alama ya amani. Watu wanasema Mombasa haikumkaribisha, kondoo na miwa ni nini kama si makaribisho.

#19 Chuma_Changamwe
Mzee usipake rangi. Siku chache baadaye walipojaribu kuingia meli zikagongana, waliokuwa ndani wakaruka majini kukimbia, Vasco akashika wawili akawamwagia mafuta ya moto waseme kuna njama gani. Na watu wetu usiku wakaogelea kwenda kukata kamba za nanga. Hao waogeleaji ndio wa kutafutiwa besdei. Mreno ana nguzo yake pale Malindi watu wanapiga picha, waogeleaji wetu hata jina hawana.

#20 BahariaMstaafu
Chuma umenikumbusha kitu. Kuogelea mpaka kwenye nanga usiku mlango wa bandari si mchezo, mkondo wa pale unakubeba. Mwezi ulikuwaje siku hizo? Kama ni bamvua maji yanakwenda mbio vibaya sana.

#21 FundiFalaki
Swali zuri hili, mwaona sasa mnarudi kwa falaki 😊 Nimepiga hesabu ya Hijria. Mwaka 903 ulianza mwisho wa Agosti 1497, ukihesabu miezi saba unaangukia Shaabani mwisho wa Machi, kwa hiyo Vasco alitia nanga katikati ya Shaabani, 14 hivi, toa au ongeza siku moja kwa mwandamo. Mwezi mpevu kabisa. Bamvua. Mji mzima huenda ulikuwa kwenye Nisfu Shaabani.

#22 BahariaMstaafu
Basi wale walioogelea siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu walikuwa wanaume. Mwezi juu unang'aa, mkondo unavuta, na kisu mdomoni.

#23 KibokoniBoy
Kisu mdomoni daftari halikusema 😂 lasema walinzi walidhani ni samaki wakubwa.

#24 NyaliGirl
Nimesoma yote mpaka hapa, sijui nani alishinda. Mimi niwaongezee ya watoto wa juzi, Franck Ribéry 7 Aprili 1983. Russell Crowe 7 Aprili 1964. Na mwaka 1939 Francis Ford Coppola yule mwelekezi wa sinema amezaliwa, na David Frost mtangazaji wa Uingereza naye siku hiyo hiyo mwaka huo huo, na siku hiyo Mussolini ndiyo aliivamia Albania. Yaani siku MOJA.

#25 Chuma_Changamwe
1947 nayo, 7 Aprili Henry Ford amekufa na chama cha Baath kimezinduliwa Damascus, siku moja.

#26 FundiFalaki
Mirihi.

#27 MwalimuHesabu
Fundi ukijibu neno moja tena nakublock. Haya nipeni tarehe yoyote, yoyote ile, kesho nawaletea orodha ndefu kuliko hii na nyota tofauti kabisa.

#28 DerevaTukTuk
30 Februari

#29 KodiNaKompyuta
Hamjataja kubwa kuliko zote. 7 Aprili 1969 kijana mwanafunzi, Steve Crocker, ametoa waraka namba 1 wa jinsi kompyuta zitakavyoongea, zile nyaraka zinaitwa RFC na mpaka leo zinaendelea kutolewa. Wengine wanaiita siku ya kuzaliwa intaneti. Kwa hiyo hata kubishana kwetu huku ni mtoto wa tarehe hiyo.

#30 MamaMahamri
Na Siku ya Afya Duniani ni hiyo hiyo, shirika la WHO lilianza 1948. Niliikumbuka kwa sababu kliniki hutupimia presha bure, jana nimepimwa, 150, nikaambiwa punguza chumvi. Niko hapa nasoma mambo ya Mirihi na presha inapanda.

#31 BahariaMstaafu
Pole mama, punguza na kahawa tungu.

Sasa na mimi nitoe siri yangu. Mimi ni wa 7 Aprili, ila wa karatasi. Nimezaliwa 4 Julai. Nlipoajiriwa meli ya kwanza nikajaza fomu 4/7 kama tulivyofundishwa shule, mwenye ofisi akasoma kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza, ikawa Aprili 7. Kitabu changu cha ubaharia kikatoka hivyo. Nikapeleka malalamiko nikaambiwa kubadilisha ni miezi mitatu na meli inaondoka Alhamisi. Basi nikanyamaza. Miaka sita, kila 7 Aprili mpishi Mfilipino ananipikia keki, napigiwa makofi, na mimi natabasamu kama mjinga, halafu 4 Julai yangu ikifika niko peke yangu kwenye sitaha tukiwa bandari ya Marekani, fataki zinapasuka mji mzima, nami najiambia haya ni yangu.

#32 TausiWaTudor
Hii imenifurahisha na kunihuzunisha pamoja.

#33 MzeeWaBarua
Baharia, kizazi chetu wengi ni wa karatasi. Ukitazama vitambulisho vya zamani utaona mtu ameandikiwa mwaka tu, tarehe hakuna, au wote nyumbani ni 1 Januari. Mamangu alijua amezaliwa "mwongo wa sitini baada ya Nairuzi", hiyo ni hesabu ya mabaharia na wakulima, siku zinahesabiwa kumi kumi tangu siku ya mwaka. Na Nairuzi ina siku 365 bila nyongeza, kila miaka minne inarudi nyuma siku moja. Sasa mchukue mamangu umtafutie staa aliyezaliwa naye.

#34 MwalimuHesabu
Mzee hii ni hoja kubwa kuliko yangu, nakubali. Besdei yenyewe ni mazoea ya juzi.

#35 MtotoWaKuze
Wakuu nimerudi na kuna jambo. Baada ya kusoma #33 nlimuuliza mama babu aliandika wapi vizazi. Akanitolea msahafu wa marehemu kutoka kabatini umefungwa kitambaa cha leso. Ndani ya jalada babu ameandika watoto wake wote tisa kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chake, wino umekuwa wa kahawia na pembeni pameliwa na mende. Wawili wamewekewa alama, ni wale waliokufa wachanga. Mama ni wa sita. Imeandikwa jina lake halafu "usiku wa Jumamosi, Mfungo Pili, 1381". Mwisho. Hakuna Aprili wala nini.

Nimetazama, 7 Aprili 1962 ilikuwa Jumamosi kweli na ni mwanzo mwanzo wa mwezi wa Mfungo Pili (Dhulqaadi). Lakini usiku wa Jumamosi ni upi???

#36 MzeeWaBarua
Usiku wa kuamkia Jumamosi. Hakuna mwingine. Yaani Ijumaa baada ya magharibi. Babu yako hakuwa mzungu.

#37 KibokoniBoy
Ambayo kwa kalenda ni 6 Aprili. Mamako si wa tarehe 7 hahahaha uzi umefungwa mara ya pili.

#38 Chuma_Changamwe
Tena kama mwezi uliandama siku moja mbele au nyuma, Mfungo Pili ina Jumamosi nne au tano, mnajuaje ni ya kwanza? Aliyeandikisha kitambulisho alitoa wapi saba?

#39 MtotoWaKuze
Mama yuwasema alipopelekwa shule karani aliuliza tarehe, babu akajibu kwa Kiislamu, karani akatazama kalenda ya ukutani akaandika anachojua yeye. Ndiyo mpaka leo.

#40 FundiFalaki
Usiku wa Jumamosi mtawala wake ni mwingine, hapo inabidi nihesabu upya.

#41 MwalimuHesabu
Hesabu tu Fundi, sote tuko hapa.

#42 NyaliGirl
Ngojeni. Hong Kong wametutangulia saa tano. Kwao ikigonga usiku wa manane kuanza tarehe mpya, hapa ni saa moja usiku, magharibi ndiyo imetoka kuswaliwa. Yaani siku ya Jackie Chan na siku ya Mzee wa Barua zinaanza karibu pamoja!! Mama anaweza kuwa wa tarehe 6 ya Nairobi na 7 ya Hong Kong.

#43 MzeeWaBarua
Sijawahi kukubaliana na Mchina upesi namna hii.

#44 MtotoWaKuze
Nimemsomea mama uzi wote, ya Baharia nimesoma mara mbili kwa sababu alicheka akataka tena. Hiyo ya tarehe 6 au 7 hakujibu. Amesema tu huyo baharia aje achukue kipande, keki imebaki nusu iko kwenye friji, "na yeye ni wa karatasi kama mimi".

#45 BahariaMstaafu
Mwambie mama shukrani, nakuja baada ya alasiri. Kuze upande gani?

#46 MtotoWaKuze
Ukifika kwa muuza kahawa wa kona uliza, watakuonyesha.

#47 DerevaTukTuk
Wakuu na mimi nimekumbuka sasa hivi, nimezaliwa 7 Aprili.